Matofali ya Tobias

Hapana bwana, hakumeza dawa yoyote. Nani kakwambia dawa? Tobias pumzi zake zilirudishwa na matofali. Ngoja nikueleze, maana na wewe kupanda kibaraza tu nakuona unahema.

Tobias alikuwa karani wa tiketi stesheni ya Tabora, mwaka ule Waingereza walipomtawaza Kwini wao. Kazi ya kukaa. Asubuhi mkate wa boflo na chai ya vijiko vinne vya sukari, mchana wali, saa kumi boflo tena. Jioni anapanda baiskeli, na barabara ya kwake inateremka, basi hata pedali hakanyagi. Tumbo likatangulia mbele. Kamba za viatu akawa anafungiwa na mkewe, Veneranda.

Hayo yasingemsumbua. Kilichomsumbua ni mizinga ya nyuki. Baba yake alikufa kule Sikonge akaacha mizinga arobaini porini, ile ya magome, inayoning'inia juu ya miti. Desturi ya ukoo wao ni kwamba mrithi anapanda mwenyewe. Mzinga mmoja tu unatosha, lakini avune kwa mikono yake. Akishavuna, anakalia kigoda cha marehemu, na wanaume wote wa ukoo wanakizunguka wanakula pamoja. Asipopanda, kigoda kinaegemezwa ukutani, kila mtu anakula kwake kama mpangaji. Misimu mitatu ikipita hivyo, mizinga inakwenda kwa anayefuata.

Tobias alishakosa misimu miwili. Wa kwanza alisingizia kazi. Wa pili alikwenda, akashika kamba, akapanda kimo cha mbuzi, akashuka. Na anayefuata alikuwa Masolwa, mtoto wa baba yake mdogo, mzee Luhende. Masolwa hakuwa mtu mbaya. Mdomo tu.

Basi Januari ile Tobias akaona, ah, babu zangu si walikuwa wapagazi? Akaenda kwa rafiki yake Mabruki, fundi mwashi wa mtaa wa Ng'ambo, akatia matofali kumi kwenye gunia, akajitwika, akaishika njia ya zamani ya misafara. Hakufika popote. Siku tatu amelala kifudifudi, Veneranda anamkanda kwa maji ya moto.

Mzee Luhende alikuja mjini kuuza nta, akamkuta hivyo.

"Shikamoo baba," Tobias akasema, mdomo uko kwenye mto.

"Marahaba. Ulijitwika matofali mangapi?"

"Kumi."

Mzee akacheka mpaka ugoro ukamwagika. "Mimi nimekwenda pwani na mzigo begani, bado kijana mdogo. Siku ya kwanza msafara hauendi mbali, mwanangu. Unatoka hapa, unalala pale, moshi wa jiko la mama yako bado unauona. Mwili unauzoesha kidogo kidogo. Waliokimbia siku ya kwanza tuliwaacha njiani."

"Na mlikuwa mnakula nini, baba?" Veneranda akauliza.

"Kinachokaa tumboni. Mtama, karanga, kunde. Haka kamkate kenu ni upepo."

"Sasa nibebe mangapi?"

"Moja."

"Tofali moja? Watu watasema nimechanganyikiwa!"

"Waseme. Kila wiki ongeza moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri Tobias anatoka na tofali moja begani, kutoka tanuri la Mabruki mpaka kwenye nyumba fundi huyo anayoijenga, kisha anakwenda kazini kwa miguu. Baiskeli Veneranda aliifungia chumbani, ufunguo akautia kwenye pindo la khanga. Jumatatu nyingine, mawili. Nyingine, matatu. Mtaa mzima ukadhani karani anajenga. Na Mabruki, mjanja yule, akazoea. "Karani, kesho usichelewe bwana, nina ukuta wa jikoni!"

Nyumbani ndiko kulikuwa na vita.

"Veneranda, hii chai au maji ya mvua?"

"Chai hiyo. Sukari yako uliimaliza mwaka jana."

Uji wa mtama asubuhi, mchana ugali na nsansa, zile mboga za kunde zilizokaushwa, zimeungwa kwa karanga. Boflo Jumapili, baada ya misa. Alinuna mwezi mzima. Mwezi wa pili akawa analala mapema wala hakoromi, Veneranda anaamka kumgusa kama yuko hai. Mwezi wa tano akainama akafunga kamba za viatu mwenyewe, akasimama akamtazama mkewe kama kaokota dhahabu.

Juni wakaenda Sikonge. Jua linashuka, watu wamesimama porini chini ya mti, Tobias ana mwenge wa moshi na kamba kiunoni. Akapanda. Alipofika katikati akasimama, kaukumbatia mti, jasho linamtiririka, nyuki wameshamwona. Moyo ukamwambia shuka.

Masolwa akapaza sauti, "Ndugu yangu, treni imesimama stesheni gani? Tura?"

Watu kucheka. Tobias naye kicheko kikamtoka, na pumzi ikarudi nacho. "Inajaza maji!" akajibu. "Wenye tiketi subirini!"

Akakumbuka tofali moja. Akapandisha mguu mmoja. Akatulia, akapandisha mwingine. Kidogo kidogo, kidogo kidogo, mpaka mkono ukagusa gome la mzinga wa baba yake. Akafukiza, akakata masega, akashusha ndoo kwa kamba. Aliposhuka, jicho moja limevimba kama andazi, na anacheka.

Nyumbani kwa marehemu wanawake walishapika. Watu wakasimama uani, hakuna anayekaa, wanatazamana. Masolwa ndiye aliyekwenda ukutani. Akakichukua kigoda, akakipangusa vumbi la miaka miwili kwa kofia yake, akakiweka katikati.

"Kaa basi, mwenye mizinga. Nimechoka kula peke yangu kama fisi."

Tobias akamtazama mzee Luhende. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Tobias akakaa. Wakanawa, ugali wa mtama ukaja unatoa moshi, na asali mbichi ndani ya kata, na wanaume wote wakakizunguka kigoda, wakakaa, wakala.