Bilo za Mzee Apenisa

Vasemaca alirudi kutoka kiwanda cha nguo akiwa hoi, na kazi ya darasa la kompyuta ilikuwa bado inamsubiri. Mwalimu alitaka programu ya kujumlisha namba. Yeye akaamua kujumlisha vinywaji vya baba yake.

Figo za Mzee Apenisa zilikuwa zimekufa. Aliishi kwa mashine ya hospitali, na daktari alimruhusu kunywa lita moja tu kwa siku. Ikizidi, maji humpanda mapafuni. Mwezi uliopita yalipanda, nusura wamzike.

Mzee akaandika mililita mia mbili za asubuhi, akaandika mia tatu za mchana. Kompyuta ikajibu 200300.

"Kumbe nimemeza bahari," mzee akasema. "Na bado nina kiu."

"Inaona maandishi tu, Baba, ndiyo maana imeyaunga. Lazima niiambie kwamba hizi ni namba."

Akaiambia, ikatoa mia tano. Akairefusha ipokee vinywaji vya siku nzima, akafurahi mpaka akasahau kula.

Tangu hapo mzee aliandika mwenyewe, na jumla haikufika lita hata siku moja. Lakini kila asubuhi aliamka uso umemvimba. Vasemaca akawa na hakika kwamba amekosea mahali. Aliupitia kila mstari wa programu yake, akijilaumu, mpaka macho yakamuuma.

Jumamosi aliikuta imekwama. Mahali pa namba, mzee alikuwa ameandika: maji kujaa.

Ndivyo wanavyoulizana wanywaji wa yaqona, kile kinywaji cha mizizi iliyosagwa na kuchanganywa na maji. Ukitaka kifuu chako, ile bilo, kijazwe, unasema maji kujaa. Ukitaka nusu, maji kupwa.

"Baba, umekunywa yaqona?"

"Kwa Ilaitia, hapo jirani. Kila siku naenda, mama."

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika siku ya kwanza, ikanijibu kwa maandishi mekundu. Nikaona haitaki habari hizo, nikawa naipa inachokitaka. Leo nimechoka kuidanganya. Na kukudanganya wewe pia."

Hasira zikampanda Vasemaca, zikashuka zenyewe, maana hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Akachukua bilo ya mzee, akaijaza maji, akayapima kwa kikombe cha jikoni. Kisha akaifundisha programu: akiandika maji kujaa, hesabu mia na hamsini. Maji kupwa, nusu yake.

"Haya, andika tena. Kama unavyosema kwa Ilaitia."

Mzee akaandika maji kujaa. Akaandika tena, na tena. Vasemaca alisimama nyuma yake, asimkatize. Jumla ikatoka: karibu lita mbili na nusu.

"Ni za leo tu?"

"Za leo tu."

"Tunakwenda hospitali, Baba. Na kompyuta tunaibeba."

"Daktari ataelewa maji kujaa?"

"Namba ataielewa."

Mzee akanyoosha miguu. Vasemaca akapiga magoti amvalishe viatu, vikakataa kuingia, akamtoa hivyo hivyo, miguu mitupu.