Siku ya Kukanda Persimoni

Saa nne kamili asubuhi Sonoe Karasawa aliegesha gari dogo jeupe la ofisi mbele ya nyumba ya Bi Kinue Momose, akabonyeza simu kuonyesha kwamba amefika, akavua viatu mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee wa bonde lile majumbani mwao. Kwa Bi Kinue alipewa dakika arobaini na tano za kumwosha, kumbadilisha nguo, kumlisha uji wa mchele na kumpa dawa. Kila muda ulipokwisha simu ililia, na kila ilipolia Bi Kinue alipaa hewani.

Alianza mwezi wa kumi, ofisi ilipoweka kengele hiyo. Mara ya kwanza aliinuka kiasi cha kiganja juu ya godoro, akiwa katikati ya kisa cha jinsi marehemu mumewe alivyomposa. Sonoe alimvuta kifundo cha mguu, akamfunga kwa mshipi wa kimono kwenye mguu wa meza, akaenda kwa mzee mwingine. Baada ya hapo Bi Kinue alizidi kupanda juu kidogo kila wiki. Alishuka alipotaka mwenyewe.

Sonoe aliitaarifu ofisi.

"Anagusa dari?" aliuliza Tazawa, msimamizi wake.

"Bado."

"Amelalamika?"

"Anasema huko juu kuna vumbi, na mimi ndiye mwenye ufagio."

"Basi si ajali, Dada Sonoe. Andika mteja yuko salama."

Nje, chini ya upenu, zilining'inia kwa kamba, zikikaushwa, persimoni, matunda ya rangi ya chungwa, za aina inayokaza ulimi zikiwa mbichi. Sonoe alikuwa amezimenya kwake siku ya mapumziko, kwa kuwa kumenya matunda hakumo katika huduma. Persimoni ikishafanya ngozi kwa upepo hukandwa kwa vidole mpaka kiini kilainike, na baada ya muda utamu wake hujitokeza nje kama unga mweupe. Ukiiwahi hupasuka, ukiichelewesha huwa ngumu isiyofaa kitu. Hakuna kalenda inayoijua siku yenyewe, kwa sababu inategemea ukungu na baridi. Bi Kinue aliijua kwa kuzishika. Daktari alikuwa amesema moyo wake hautafika majira mengine ya persimoni, naye alitaka hizi azikande kwa mikono yake.

"Ni leo, Bibi?" Sonoe aliuliza kila alipofika.

"Una haraka ya kuolewa? Bado."

Siku moja mwishoni mwa Novemba, simu ililia kabla Sonoe hajafunga mshipi. Mlango wa kibaraza ulikuwa wazi. Bi Kinue alipaa, akatoka nje taratibu, akasimama hewani penye upenu, akaminya tunda moja.

"Sonoe. Sasa."

"Bibi, Bwana Hirabayashi ananisubiri. Hawezi kushika kikombe peke yake."

"Tangu ujana wake ni mtu wa kumwaga pombe, yule."

"Kesho je?"

"Kesho zitakuwa mawe."

Sonoe aliitazama barabara. Kisha akampigia Bwana Hirabayashi, akamweleza kwamba atachelewa, na sababu yake.

"Mwambie asizikande kama anafua soksi," mzee alisema, akakata simu.

Sonoe alizima kengele. Kwa mkono mmoja alimshika Bi Kinue mguu ili upepo usimchukue, na kwa mwingine akakanda safu ya chini. Bi Kinue alikanda safu ya juu. Wakati huo alikimaliza kisa chake cha kuposwa: mumewe alimwibia baiskeli, halafu akaja kumsaidia kuitafuta, siku tatu mfululizo.

"Na wewe hukujua?"

"Nilijua siku ya kwanza. Lakini alikuwa anatafuta vizuri."

Matunda yalipokwisha, alishuka na kudai chai.

Bwana Hirabayashi alikutwa ameketi na suruali iliyolowa chai, nayo imeshapoa. Alikuwa amejaribu kushika kikombe mwenyewe. Sonoe alimbadilisha, akaomba radhi, naye akauliza kama persimoni zimelainika.

Wiki iliyofuata Tazawa alikuja na mizani. Alimpa Sonoe onyo la kuchelewa, kisha akampima Bi Kinue akiwa hewani, akaona hana uzito. Kwa kuwa mteja wa namna hiyo hahitaji kuinuliwa wala kugeuzwa, alisema, dakika thelathini zinamtosha.

"Hazitoshi hata kumeza uji," Sonoe alisema.

"Najua. Mama yangu anapewa ishirini."

Tangu hapo Bi Kinue haingoji kengele. Sonoe akiingia humkuta tayari yuko juu, anaendelea na maneno aliyokatizwa jana yake. Sonoe humwosha akiwa amesimama sakafuni, akianzia na miguu, kwa sababu ndiyo anayoifikia.