Duka Lisilo na Uso

Kwa viziwi, jina halitoki kwenye cheti. Linatoka kwenye kuonekana. Wakishakukalia mbele, wakakuangalia unavyocheka na unavyokaa, ndipo wanakupa alama yako, na ukishapewa umepewa, hata ununeje. Mwanamke wa hadithi hii walimpa Kishimo: kidole cha shahada kinagusa shavu pale panapobonyea akitabasamu. Mumewe, seremala, walimwita Randa, kwa sababu hata akiwa mezani anakula, mkono wake huenda mbele na kurudi kama anayelainisha ubao.

Siku hiyo Kishimo aliingia ukumbi wa kamati ya bunge kwa mara ya kwanza maishani. Alitarajia chumba cha kawaida cha mikutano. Alikuta dari iliyo juu kiasi kwamba taa zake zilionekana ndogo, na meza moja ndefu iliyopinda kama kwato ya farasi. Mbele ya kila mbunge palikuwa na kipaza sauti chenye taa nyekundu shingoni. Taa ikiwaka, huyo anasema. Ikizimika, nyingine inawaka upande wa pili. Kishimo alisimama mlangoni akiitazama sauti ikitembea mezani, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kama moto unaopokezanwa. Hakuwahi kuiona hivyo.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Randa alimwambia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umembeba binti yao, amelala.

"Wewe mwenyewe umeachama tangu getini."

"Mimi naangalia mbao tu. Hiyo meza ni mti mmoja, mke wangu. Mmoja!"

Kilichowaleta ni hiki. Kishimo alikuwa fundi wa simu, na kazi ya kuandika programu alijifunza mwenyewe, taratibu, kwa kuharibu na kutengeneza. Alipokuwa mjamzito, swali lilikuwa moja: nyumba ya viziwi wawili, mtoto akilia nani atasikia? Akaandika programu inayosikiliza kilio cha mtoto mchanga. Simu unaifunga kiunoni au unailaza chini ya mto. Mtoto akilia, inakutikisa. Akaiweka kwenye duka la programu, lile kubwa, ambalo simu kama yake hazikubali kitu chochote kisichopitia humo. Wazazi viziwi wakaichukua, hata wa nchi ambazo lugha yao ya alama asingeielewa.

Asubuhi moja haikuwepo tena. Sababu waliyompa: programu inasikiliza wakati wote hata kioo kikiwa kimezimwa, na hilo ni marufuku. Akaandika kujieleza. Jibu likaja lilelile. Akaandika tena kwa upole zaidi, likaja lilelile, neno kwa neno. Waliobadilisha simu wakaikosa. Yeye alibaki nayo kwenye simu yake ya zamani, ambayo betri yake ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu. Aliifungua akitaka kuibadilisha, akakuta betri za aina hiyo hazitengenezwi tena. Siku simu ile ikifa, nyumbani mwao hakutakuwa na sikio.

"Mwenye nguvu mpishe," Randa alikuwa amemshauri.

"Nimempisha. Sasa mimi nipite wapi?"

Ndipo walipopata habari kwamba kuna muswada. Ulikuwa na vifungu viwili vikubwa: kwamba simu zilazimishwe kukubali maduka mengine, na kwamba mtu ambaye programu yake imefungiwa asikilizwe na binadamu aliye hai na aelezwe sababu. Kamati ikawaita wenye maoni. Kishimo akaitwa.

Mkalimani wao alikuwa Masharubu, mtu anayesikia aliyezaliwa na wazazi viziwi. Kazi yake ina sheria moja inayowachanganya wageni: akimfasiri mtu, husema "mimi" badala ya "yeye". Kwa hiyo wakili wa kampuni yenye duka alipowashiwa taa, mikono ya Masharubu ndiyo iliyosema, "Mimi nasimama hapa kwa niaba ya duka," na Kishimo akajikuta anamkasirikia Masharubu, rafiki yake wa miaka mingi, mpaka akajikumbusha kumtazama wakili mwenyewe.

Wakili alikuwa mwembamba, nadhifu, na kila akimaliza sentensi alivuta kola ya shati kwa vidole viwili.

"Kola," Randa alisema kutoka viti vya nyuma, akivuta yake.

Jina likawa limepita.

Na Kola hakuwa mtu wa kubezwa. "Kulikuwa na programu ya tochi," alisema. "Watu waliichukua wamulike njia gizani. Kumbe ilikuwa inasikiliza vyumba vya kulala na kuuza maneno ya mke na mume. Ni sisi tulioigundua, ni sisi tulioifunga. Waheshimiwa, programu zinazobisha hodi kwetu ni nyingi kuliko nyumba za mji huu. Mkitulazimisha kung'oa mlango, hao wa tochi watapita wapi? Watapita hapohapo mnapotaka apite huyu mama."

Kishimo aliyatazama maneno hayo mikononi mwa Masharubu na yakamwingia. Na yeye ana chumba cha kulala. Alijaribu kuwaza mlango mmoja unaogongwa na programu nyingi kuliko nyumba za mji, mchana na usiku, na mtu aliyesimama pale akiamua. Akashindwa kuuona mwisho wake.

Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima aliyekuwa na miwani juu ya paji la uso na nyingine ikining'inia shingoni, akawasha taa yake. "Mwanangu, nikuulize swali la nyumbani. Ungekuwa wewe mlangoni pale, ikaja programu ya kusikiliza chumba cha mtoto, ungefanyaje?"

"Ningeifunga," Kishimo alisema.

Masharubu alisita. Akamtazama kuhakikisha, kisha akaitamka. Kishimo aliona vichwa vyote vikigeuka. Nyuma kule Randa alishika kichwa.

"Ningeifunga kwanza," aliendelea, "maana mimi ni mama. Halafu ningemwita mwenye nayo, nimuulize: bibi wee, hii ya nini? Mimi sijaulizwa. Kwetu, mtu hupewa jina akishaonekana uso. Huyu bwana nimemwona leo, na jina analo tayari."

Mbunge mmoja mnene alicheka mpaka mabega yakaruka. "Jina gani?"

"Nitamwambia mwenyewe nje, asije akanishtaki. Lakini aliyefunga programu yangu sina alama yake. Namtafuta uso kila siku. Bwana, ni wewe?"

"Si mimi," alisema Kola.

"Unamjua?"

Taa nyekundu ya Kola ilibaki imewaka. Mikono ya Masharubu ilitulia kifuani, wazi, ikingoja. Hivyo ndivyo Kishimo alivyojua kwamba ukumbi mzima umenyamaza.

"Simjui," alisema Kola hatimaye. "Na kwa kweli, mama, sina hakika kama ni mtu."

 Siku zote hizo Kishimo alikuwa amemjenga kichwani mtu mwenye kiburi, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anasoma barua zake na kuzitupa. Alimchukia, na chuki ile ilikuwa imempa nguvu. Kumbe hakuna aliyemkataa. Kitu kikubwa kuliko wote waliomo ukumbini kilikuwa kimegeuka tu usingizini, na hata msemaji wake mwenyewe, mwenye kola safi, hakujua kichwa chake kiko wapi. Aliona Kola anaogopa kidogo, na akamhurumia.

"Lakini programu haiwezi kujua kilio ni kipi na mazungumzo ni yapi," Kola aliongeza, kama anayeshika ukuta.

Kishimo akaifungua simu ya zamani kiunoni, akaenda akaiweka kiganjani mwa Kola. "Sema nayo."

Kola akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akampungia mkono, fanya.

Kola akasema jambo. Simu ikatulia. Akakohoa. Ikatulia. Mbunge mnene akapiga meza ngumi, vikombe vikaruka. Simu kimya.

"Sasa lia," Kishimo alisema.

"Nini?"

"Lia kama mtoto."

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni wakili!"

"Wakili alizaliwa akicheka?" Mwenyekiti alishusha miwani ya paji la uso akamwangalia vizuri. "Lia, baba. Una watoto?"

"Wawili."

"Basi mwalimu unaye."

Kola alivuta kola. Akafumba macho. Mdomo ukapinda, shingo ikakaza mishipa, uso ukawa mwekundu na mdogo, na Kishimo, ambaye hajawahi kusikia kilio maishani mwake, alikitambua kwa macho: ni kile cha njaa. Nyuma, binti yake aliamka, akainua kichwa begani kwa baba yake kutafuta mwenzake ni nani. Wabunge walikuwa wakianguka kwa kucheka. Kisha simu ikatikisika, na Kola nusura aiangushe. Aliikumbatia kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka tena. Ilitikisika na kutikisika, na mtu yule mzima aliitazama kama mtu aliyewekewa ndege kiganjani.

"Sauti yangu imekwenda wapi?" aliuliza, na safari hii alimwuliza Kishimo moja kwa moja, akimtazama machoni, si Masharubu.

"Haijaenda popote. Inaishia humohumo. Ungeniuliza, ningekuonyesha."

"Ndiyo," alisema Kola. "Ndiyo." Akairudisha polepole.

Mwenyekiti akaitisha kura. Kifungu cha maduka mengine walibishana, taa zikarukaruka mezani mpaka Masharubu akatoka jasho, na mwisho wakakiweka kando kichunguzwe zaidi. Randa alikasirika. Kishimo hakukasirika, bado alikuwa anawaza wale wa tochi. Kisha mwenyekiti akasoma cha pili, cha binadamu aliye hai, akazima kipaza sauti chake.

Taa zote nyekundu zikazimika. Masharubu akashusha mikono yake akaitia mifukoni, na Kishimo akashtuka, akamgusa kiwiko: mbona umeacha, wanasemaje?

Masharubu akamwonyesha meza kwa kidevu.

Mikono ilikuwa inapanda. Wa mwenyekiti, wa mbunge mnene, wa wazee wawili waliokuwa wamesinzia, mmoja baada ya mwingine kuzunguka mbao zile, viganja wazi, vimeelekea dari ile ya juu. Ilikaa hewani ikihesabiwa. Kishimo aliisoma yote, bila mtu katikati.