Kopo la Wilf

Klabu yetu ya mchezo wa kuviringisha matufe nyasini kulenga kitufe kidogo, hapa kaskazini mwa Uingereza, haina cha kujivunia isipokuwa bonde dogo. Liko kwenye kona ya uwanja, nyasi zimelifunika, na mgeni asiyelijua, tufe lake hupotoka likaishia kwenye mawaridi. Kwa bonde hilo tumebeba kombe mpaka wapinzani wakatuchukia.

Marehemu Wilf, mkata nyasi wetu, alishikilia kwamba lile ni handaki la ngome ya kale. Kwamba mji ulikuwa na ngome, hilo kila mtu analijua. Wazee wetu waliibomoa, mawe yake wakajengea vyoo na mabanda ya nguruwe, halafu wakasahau ilisimama wapi. Wilf aliihubiri ngome hiyo mezani, kitandani, hata kanisani. Mkewe Doreen, nahodha wetu, alimwambia mbele ya watu afunge domo, na hakumwamini hata siku moja.

Sasa chuo kikuu kikaleta mashine ya kupima kilichomo ardhini, ikaonyesha kwamba pa kuchimba ni pale pale bondeni. Tulipiga kura tukakubali, maana walituahidi paa jipya la klabu. Doreen peke yake alikataa. Tukamteta kwamba kombe limempanda kichwani.

Asubuhi ya kuchimba tulimkuta bondeni, amekalia kiti chake cha kukunja, chupa ya chai mapajani, mvua inamnyeshea. Dokta Haslam, binti wa chuo kikuu aliyesimamia uchimbaji, alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Sitoki, mwanangu," Doreen akasema. "Wilf yumo humu."

"Humu wapi, mama?"

"Chini ya kiti. Majivu ya mwili wake. Nilimfukia mwenyewe kwa siri, kwenye kopo la biskuti, maana kwenye klabu hii hata mbwa haruhusiwi kukanyaga."

Mweka hazina wetu, mlinzi wa sheria zote, akajikuta anatazama viatu vyake. Dokta akapiga magoti matopeni, akamfukua Wilf kwa mikono yake, akalipangusa kopo na kumpa Doreen alipakate. Ndipo wakachimba.

Jioni ukuta wa ngome ukatokea, mawe manene meusi, chini kidogo tu ya pale alipolala Wilf. Bonde letu kwisha, na kombe nalo kwaheri.

Doreen akasogea ukingoni, akafungua kifuniko, akaliinamisha kopo kidogo ili Wilf apate kuona. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Haya, mzee, ndiyo hiyo. Ulisema kweli," akamwambia. "Sasa mimi nitabishana na nani?"