Hitima Tatu za Jamaludin

Wiki ile Bi Mwanatumu alishikwa na kinyaa mara mbili, na kile cha kwanza kilikuwa nafuu, kwa sababu kilikuwa cha mende.

Jamaludin, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa ameketi juu ya mkeka nyumbani kwa mama yake mdogo huyo, Magogoni, kashika msahafu wa mashine aliomletea kutoka Dubai mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na saba. Aliubonyeza kitufe hiki na kile, akautia betri mpya, akaupiga kofi mgongoni. Kioo kikabaki cheusi. Ndipo akaufungua kwa ncha ya kisu cha jikoni, na hapo likachuruzika jimaji zito la rangi ya chai, na ndani yake mende wachanga watatu, mmoja angali anatapatapa. Vyuma vya betri vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Harufu ilikuwa ya waridi iliyooza.

"Mama mdogo, umekiogesha?" Jamaludin alikirusha kifuniko kando, akajipangusa vidole kwenye mkeka.

"Nimekinyunyizia marashi," alisema Bi Mwanatumu, na uso umemwiva kwa haya. "Na udi kila Alhamisi. Msahafu si hufukizwa?"

Ndivyo alivyolelewa. Msahafu wa marehemu baba yao ulifukizwa na kurashiwa kila wiki, ukazidi kunukia, na karatasi hazikulalamika. Nani angemwambia kwamba huu una tumbo?

Na aliuhitaji kuliko kitu chochote mle ndani. Dada yake Dhahabu, siku mbili kabla ya kukata roho, alimshika mkono akamwambia: "Nisomee hitima, Mwanatumu, juzuu zote thelathini. Wewe mwenyewe, usinigawie watu." Akamkubalia. Hakumwambia kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika pande zote mbili, na kwamba herufi za kwenye karatasi alikuwa akiziona kama vumbi. Mashine ndiyo iliyomwokoa. Ilitoa aya moja moja, kwa herufi kubwa nyeusi, na ukiizima ilikumbuka ulipoishia. Juzuu moja ilimchukua tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, macho yakimtoka machozi. Alikuwa amemaliza ya ishirini na mbili ilipozima. Fundi wa redio, Nguma, alikataa kuigusa. Alisema yeye si Muislamu na hatatia bisibisi kwenye maneno ya Mungu. Basi ikakaa wiki nzima ikimngoja Jamaludin arudi safari, na sasa arobaini ilikuwa keshokutwa.

Jamaludin aliisugua kwa spiriti na kitambaa, akachomeka pini kwenye kitundu cha nyuma, akangoja. Hakuna kitu.

"Iache ikauke," alisema, akiinuka. "Mimi ninayo nyingine kama hiyo, mkobani. Tumia hiyo. Nakwenda kusali."

Bi Mwanatumu alitawadha, akarudi, akaitoa mashine ya mpwawe mkobani. Ilikuwa inawaka. Aya ilitokea, na kabla hajamaliza neno la pili ikapotea, ikaja nyingine, na nyingine. Akadhani nayo imeharibika. Akapapasa vitufe kama alivyomwona Jamaludin akifanya, na kidole chake kikakuta kitu kigumu. Kilikuwa kijiti cha kiberiti, kimekandamizwa juu ya kitufe cha kwenda mbele, na mpira wa kufungia noti umezungushwa mara tatu kukizuia pale.

"Mishi!" alimwita binti yake. "Ndoo hapa unisomee. Hapa pembeni pameandikwa nini?"

"Abee, mama." Mishi aliinama juu ya kioo. "Pameandikwa hitima tatu. Na ya nne iko juzuu ya kumi na moja."

Hitima tatu. Tangu mazishi, kuanzia Magogoni mpaka Mkomani, watu walikuwa wakimsifu Jamaludin. Kijana ana duka, ana safari, na bado amemsomea mama yake hitima tatu! Akina mama walikuwa wakiwapigia wanao mfano. Bi Mwanatumu mwenyewe alikuwa amelia kwa furaha mbele ya majirani.

Akauvua ule mpira. Aliona bora wale mende.

Jamaludin aliporudi aliikuta mashine mapajani mwa mama yake mdogo, na ule mpira umewekwa juu ya mkeka peke yake.

"Hiki nini?" Bi Mwanatumu alimuuliza.

Jamaludin hakutahayari hata kidogo. "Mama mdogo, maneno si yanapita yote? Hakuna herufi inayorukwa. Mimi huiwasha kwa bismillahi, nikaiweka dukani, nikaendelea na wateja. Nia ndiyo kitu."

"Na wewe ulisoma ngapi?"

"Mashine imesoma. Mimi ndiye niliyeinunua." Akachutama karibu yake, sauti imelainika. "Hata hizo juzuu nane zilizokubakia usijiumize. Nipe huo mpira. Kabla ya magharibi zitakuwa zimekwisha, na mama atapata haki yake."

Akaunyosha mkono kuuchukua. Bi Mwanatumu akauwahi, akaufumbata.

"Ondoka mbele yangu, Jamaludin. Wallahi nitatapika."

Mashine hakumrudishia. Yenyewe haikuwa na kosa. Akaisoma siku ile, na siku ya pili tangu alfajiri, macho yamevimba, Mishi akimtilia maji ya baridi. Alifika juzuu ya ishirini na nne. Akasukuma mpaka herufi zikawa madoa, na zaidi ya hapo hakuweza.

Alhamisi, siku ya arobaini, baada ya alasiri wanaume walijaa kwenye mikeka barazani, wanawake wakajaa ndani. Mwalimu Badi, aliyekuwa akiongoza, aliuliza ni hitima ngapi za kumhadia marehemu thawabu zake. Jamaludin alikuwa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi mpaka inakatika.

"Nne, Mwalimu. Tatu zangu, na moja ya mama mdogo."

Watu wakaitika mashallah. Mwalimu Badi akainua mikono. Bi Mwanatumu alijua kwamba akinyamaza tu, yamekwisha, na hakuna atakayejua kwamba ahadi ilimshinda. Akalisogeza pazia la mlangoni.

"Mwalimu, niwie radhi. Yangu haikutimia. Dada yangu aliniusia nisome mwenyewe, nikamkubalia, na nimeshindwa. Nimesoma ishirini na nne. Sita zimebaki. Wenye mato ya kuona wanisaidie."

Hitima tatu za mpwawe hakuzitaja. Mishi alimpa sanduku la juzuu, kila moja kijitabu chake, naye akatoa ya ishirini na tano, akaiweka mikononi mwa Jamaludin kabla ya wote.

"Anza wewe, mwanangu. Ni mamako."

Wengine watano wakapokea zao, na uvumi wa kisomo ukajaa baraza. Bi Mwanatumu alibaki penye pazia. Herufi asingeziona hata angewekewa puani, lakini weupe wa karatasi aliuona vizuri. Jamaludin alikuwa ameketi bega kwa bega na mzee Barakat mwenye duka la nguo, kila mmoja na juzuu yake. Barakat alipogeuza ukurasa, Jamaludin akageuza. Barakat akakohoa, akakawia, naye akakawia. Barakat akageuza mbili zilizoshikana, akarudi moja nyuma. Jamaludin naye akageuza mbili, akarudi moja.

Bi Mwanatumu aliliachia pazia.

"Mishi," alisema. "Juzuu ya Jamaludin ikirudi, usiitie sandukuni. Tawadha, uisome wewe."