Maulidi ya Mwalimu Atukuzwe

Watu wa kwetu Makete wakisikia neno mmisionari wanafikiria mzungu mwenye ndevu na gari refu. Mmisionari ninayemjua mimi ni mimi mwenyewe, Atukuzwe: mwanamke wa Kikinga, mfupi, nisiyejua kuogelea, niliyepelekwa na kanisa letu kwenye delta ya Rufiji kufundisha watoto wadogo na, kama alivyosema Mchungaji Mbilinyi siku ananiaga, kuwa taa. Taa yenyewe ilihangaika muda mrefu kujifunza kutembea kwenye tope bila kuacha kandambili humo.

Ukitoka Kibiti unapanda bodaboda mpaka barabara inapochoka, kisha unangoja maji yajae ndipo boti ipite katikati ya mikoko. Kijiji nilichokaa kiko huko, upande wa Mbuchi, kwenye kisiwa kinachozungukwa na mikono ya mto. Wanaume wanavua kamba na kukata mikoko, wanawake wanalima mpunga, na wote ni Waislamu, hakuna hata familia moja ya kubahatisha. Shule ya msingi iko ng'ambo. Watoto wanavuka kwa mtumbwi, wakubwa wakiwashika wadogo, na maji yakiwa na kasi wadogo hawashikiki.

Ndiyo sababu darasa langu lilikuwepo. Chumba kimoja cha udongo, bati juu, ubao mmoja. Wadogo walisoma kwangu mpaka wakapata miguu na akili ya kuvuka, ndipo nikawakabidhi kwa mtumbwi.

Nilipanga chumba kwa Bi Mwanamina, mjane aliyekuwa akilea mjukuu wake Hadija. Hadija alikuwa na kaka, Haruna. Haruna alivuka kwenda shule kabla darasa langu halijafunguliwa, mtumbwi ukapinduka, wakampata siku ya pili kwenye mizizi ya mikoko. Kwa hiyo nilipofika, Bi Mwanamina hakuniuliza dini yangu wala kabila langu. Aliniuliza kama nitaweza kukaa na Hadija mpaka awe mkubwa wa kuvuka. Nikamwambia nitaweza. Nililisema haraka, na mizigo yangu bado iko mlangoni.

Maisha yangu pale hayakuwa ya kuandikwa kwenye jarida la kanisa. Asubuhi nilikuwa napigania maji baridi kisimani, maana yakichelewa kutekwa yanakuwa ya chumvi. Kisha darasani: watoto wananuka moshi na samaki, nusu yao wana usingizi, wengine wamekuja na wadogo zao mgongoni. Hadija alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto huku ametoa ulimi, na ukimkatisha ananuna mpaka mchana. Jioni watoto walewale walikuwa chuoni, kwenye madrasa ya Maalim Bushiri, jirani yangu, aliyekuwa akiazima chaki kwangu bila kurudisha. Nikimsema anacheka, anasema hata kanisa lako litapata thawabu, Mwalimu. Chaki za misheni zimefundisha alifu na be kwa watoto wengi sana wa delta, jambo ambalo sikuona haja ya kuliripoti kwa wakubwa zangu Dar es Salaam.

Ramadhani nilikuwa nakunywa chai chumbani nimefunga dirisha. Bi Mwanamina alijua, na akitaka kuingia alikuwa anakohoa kwanza ili nipate muda wa kuficha kikombe. Magharibi anagonga kuniita futari kana kwamba nami nilikuwa nimefunga. Jumapili nilipokuwa nasali peke yangu, yeye alikuwa anazima redio na kuwafukuza watoto uani, anawaambia Mwalimu yuko kanisani. Kanisa lilikuwa mimi, kitanda na ndoo ya maji. Niliwapenda watu wale, na sioni aibu kusema hivyo.

Mchungaji Mbilinyi alikuwa anapiga simu kila mwezi kuuliza wangapi wameokoka. Mimi nilikuwa namweleza wangapi wanajua kusoma. Alikuwa ananisikiliza hadi mwisho, halafu ananiambia kwa upole kwamba kusoma hata serikali inafundisha. Ule upole wake ulikuwa unanikera kuliko matusi.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, akapiga tena. Safari hii alisema anakuja yeye na mama mmoja kutoka nchi za nje, yule mfadhili anayelipia darasa. Mama huyo anataka kujionea. Akiridhika darasa litaendelea, asiporidhika basi. Nikamuuliza anataka kuona nini hasa. Akanijibu kwamba anataka kuona kama nimewagusa watu mioyo.

Jioni ile tulikuwa uani, Bi Mwanamina anasuka ukili wa mkeka, mimi namenya kamba. Nikamweleza yote, maana mtoto aliyekuwa hatarini alikuwa wa kwake. Aliacha kusuka.

"Wanataka kuona kama umetugusa moyo," akasema. "Hilo tu?"

"Hilo tu, Bi Mwanamina."

"Basi hilo tuachie sie."

Ningeuliza wataliandaaje. Sikuuliza. Niliona raha kuwa na mtu wa kuniambia nimwachie. Siku zilizofuata niliona wanawake wakitwanga mpunga kwa zamu, nikaona Maalim Bushiri ananyamaza nikipita, nikadhani ni pilau la wageni na ngonjera za watoto. Mimi mwenyewe niliwafundisha Hadija na wenzake wimbo wa kukaribisha wageni, nikaandika ubaoni KARIBUNI kwa herufi kubwa, nikaondoka kwenda Kibiti kuwapokea.

Mama mfadhili alikuwa mtu mzuri. Alishuka kwenye gari pale stendi, akanikumbatia, akanunua machungwa mengi kuliko tuliyoweza kula. Kwenye boti alishangaa kila kitu: mikoko, kaa, ndege weupe. Mchungaji Mbilinyi alijifunga jaketi la kujiokoa mpaka kidevuni. Hakushangaa chochote.

Tulipokaribia nikasikia matari. Nikafikiri kuna harusi ambayo sikuambiwa.

Haikuwa harusi. Kijiji kizima kilikuwa darasani kwangu na nje yake, chini ya turubai. Madawati yametolewa, majamvi yametandikwa. Wanaume wamevaa kanzu, wanafunzi wangu wavulana nao kanzu na kofia, wasichana wamejitanda mitandio meupe. Chetezo kinafuka udi chini ya ubao wangu, na juu ya moshi ule neno langu KARIBUNI bado linasomeka. Wageni walionyeshwa viti viwili vya mbele. Mimi, kabla sijafungua mdomo, Bi Mwanamina alinishika mkono akaniketisha jamvini kati ya wanawake, akanitupia mtandio mabegani. Ulikuwa mpya, bado una alama za kukunjwa dukani.

Maalim Bushiri akasimama. Akawakaribisha wageni kwa Kiswahili kizuri, kisha akasema: "Sisi hatuna kitu kikubwa kuliko hiki. Mtoto akizaliwa tunasoma, mtu akijenga nyumba tunasoma. Leo tunasoma maulidi kwa nia ya mwalimu wetu, Mungu amweke hapa kwetu."

Wanawake wakaitikia amina. Nilimtazama Mchungaji. Alikuwa anatazama mtandio wangu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Bushiri, nikamkasirikia Bi Mwanamina ambaye goti lake lilikuwa limeegemea langu, nikajikasirikia kwa kutouliza. Nilitaka kusimama niseme jamani, si hivi, watu hawa wamekuja kuona kinyume cha hili. Lakini ningewaambia nini? Walikuwa wamefanya kile hasa nilichosema kinatakiwa. Hadija alikuwa mstari wa mbele anatikisa tari dogo huku ametoa ulimi, kama anapoandika.

Wakasoma. Nilishahudhuria maulidi mengi pale kijijini, nikiwa nimekaa nyuma kama jirani, kwa hiyo nilijua kinachokuja. Kuna mahali msomaji anafika pa kumtaja Mtume amezaliwa, na hapo watu wote wanasimama kumpa heshima. Wanaita kiyamu. Siku nyingine zote nilikuwa najitafutia kazi jikoni kabla ya kufika hapo, nasaidia kupakua, na kila mtu alikuwa ananiachia nikafanye kazi yangu. Siku hii nilikuwa katikati ya jamvi na hakukuwa na jiko la kukimbilia.

Wakasimama. Wazee, watoto, akina mama wenye vichanga. Mama mfadhili naye akaanza kuinuka, anatabasamu, akidhani ndiyo adabu ya pale. Mchungaji akamwekea mkono begani, mama akarudi kitini. Nikabaki chini mimi, na wao wawili kwenye viti. Bi Mwanamina hakunivuta. Alinyoosha tu mkono wake chini, wazi, bila kunitazama, kama anavyonyoosha kila siku kunisaidia kutoka kwenye mtumbwi.

Nikaushika, nikasimama.

Sikumkana Bwana wangu. Naliandika hili kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilisimama kwa sababu kukaa chini wakati ule, mbele ya watu walionipikia, walioniuguza malaria, walionifichia kikombe changu cha chai, kungekuwa kuwatemea mate usoni. Wakapita na mrashi wakatumwagia marashi mikononi, wakapitisha chetezo, na Mashavu, mama wa mwanafunzi wangu mmoja, akanifukizia udi mpaka kwenye nywele.

Mama mfadhili alikuwa analia kwa furaha. Akamgeukia Mchungaji akamuuliza kwa Kiingereza wimbo ule mzuri unasema nini. Mchungaji akamjibu maneno machache tu. Nilimwona mama anavyokunja leso yake taratibu, anairudisha mkobani, anafunga zipu. Hakulia tena.

Wakala pilau. Mchungaji alikula vizuri, akaongezewa, akafungiwa na ya safari. Kisha akaniomba nimsindikize ufukoni kabla maji hayajatoka. Tulipokuwa peke yetu akasema, "Mwalimu, ulisimama."

"Nilisimama na watu wangu, Mchungaji."

"Tulikuleta huku wao waje upande wako. Sasa unanukia udi."

Nikamwambia habari za mtumbwi. Nikamwambia habari za Haruna na mizizi ya mikoko, na kwamba Hadija bado hafiki hata kifuani pangu. Nikamwambia kama kosa ni langu anihamishe mimi, amlete mwingine aliye imara zaidi, lakini darasa liachwe. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole wake uleule. Akasema mama ameshaamua, fedha zitakwenda mahali penye matunda, na mimi nitapewa kazi ofisini Dar es Salaam. Akanishauri niwaambie watu sababu yenyewe, ili wajifunze. Kisha akavaa jaketi lake.

Niliporudi nikawakuta wanawake wanaosha masufuria huku wanaimba. Bi Mwanamina akanifuata mbio. Wamemwona mama analia, akasema, wamemwona mchungaji anaongezewa pilau. Amefurahi, si amefurahi? Nikamwambia amefurahi. Nikaongeza kwamba wakubwa zangu wamependezwa mno, wamenipandisha cheo, wananiita mjini. Uongo ule ulinitoka bila kukwama. Mara ya mwisho kusema jambo haraka namna ile ilikuwa siku nilipomwahidi yeye kukaa na Hadija.

Furaha ikamkaa usoni kidogo, kisha ikamtoka taratibu. Akauliza nani basi atakaa na watoto. Nikasema atakuja mwingine. Hakuna aliyekuwa anakuja, nilijua hivyo nikiwa namtazama machoni.

Siku ya kuondoka Maalim Bushiri alinirudishia chaki, boksi zima, jipya, kalinunua kwa Shivji dukani Kibiti. Nikamwachia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hatukuharibu?" Nikamwambia hapana, Maalim, mlisoma vizuri sana. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na sijui mpaka leo kama aliniamini.

Bi Mwanamina alikuja ufukoni na mkeka aliokuwa anausuka tangu masika. Hadija alikuwa pembeni yake, amevaa sare, ameshika daftari lake. Wakati huohuo mtumbwi wa shule ulikuwa unapakia kwa ajili ya ng'ambo, na wakubwa wakamwita waondoke naye, kwa kuwa darasa limefungwa. Bibi yake akawaambia bado, bado kidogo, anamsubiri mwalimu wake mpya.

Nilimshika mkono Bi Mwanamina.

"Tungejua watakuchukua, tusingesoma mbele yao," akasema. "Lakini mie nishajua sasa. Huyo anayekuja tutamsomea siku hiyohiyo anaposhuka, kabla wakubwa zake hawajamwona. Ndipo atakaa."

Nikamwambia itakuwa vizuri, nikapanda boti.