Sahani ya Tatu

Kapiteni aliinama juu ya picha kama mtu anayetafuta mwiba katika samaki, na Agar, aliyeichora, aliomba kimoyomoyo asiupate.

Picha zilikuwa sita, zimetoka Butembo, zilikoonyeshwa kwanza, kwa pikipiki, zimefungwa katika kitenge. Bila muhuri wa ofisi hii ya Beni zisingetundikwa katika ukumbi wa parokia, maana mkoa uko chini ya wanajeshi. Mchoraji akieleweka vibaya analala kasho, selo ya jeshi. Akieleweka vizuri, ni balaa zaidi. Kwa hiyo Agar hakuchora panga wala damu ya wanaouawa mashambani. Alichora sahani za bati zimeanikwa mezani, kila moja na jina la mwenyewe, kama watu waandikavyo nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite.

Lakini majina ya Kinande yana zamu. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Katika kila picha Agar aliruka jina moja. Katika hii alimruka Kasereka, kaka yake, aliyekwenda kuvuna kakao karibu na Mutwanga asirudi. Mama yeyote wa hapa angeona. Kapiteni alitoka mbali. Angeona vyombo tu. Tumaini lote la Agar lilikuwa hapo.

“Kule Butembo batu balililia hizi masahani,” kapiteni alisema. “Mutu analiaka sahani?”

“Pengine njala, mon capitaine.”

Hakucheka. Akamwita karani wake, Mnande wa hapo Beni. “Apollinaire, kuya. Hii majina inasema nini?”

Agar alimwona karani akisoma kwa midomo, akaona mahali midomo iliposimama. Neno moja la mtu huyu lingetosha, na mkate wake unatoka kwa anayeuliza.

“Ni majina ya batoto, mon capitaine. Hakuna kitu.”

“Na wewe, jina yako ya kwenu?”

“Kakule.”

“Kakule ni wa ngapi?”

“Wa ine.”

Kapiteni aliweka kidole juu ya picha. “Paluku, Kambale, Kakule. Hapa yeye ni wa tatu.”

Kumbe mgeni naye amekaa vya kutosha. Agar aliogopa hadi akamkasirikia marehemu kaka yake.

“Hata kwetu, mon capitaine,” Apollinaire alisema polepole, “sasa niko wa tatu.”

Lori la Kasindi lilipita nje likipiga honi. Kapiteni aligonga muhuri kwenye picha tano. Ile ya Kasereka aliigeuzia ukutani, nyuma ya kiti chake.

“Hii inabaki.”

Agar alilia njia nzima hadi ukumbini, kwa hasira kuliko huzuni. Akatundika tano, kisha akapigilia msumari wa sita, akauacha mtupu.

Jumapili, baada ya misa, Apollinaire alikuja na mama yake. Mama alizipita sahani zote, akasimama mbele ya msumari, akaugusa.

“Kambale,” alisema, kama anayemwita mwanawe.

Agar hakumsahihisha.